Yule mwari wa Dunga si mtoto wa mwari wa Nakuru

Ndugu, umeuliza kama yule ndege, mwari wa kijivu uliyemwona Dunga, ufukweni Kisumu, ni kinda la wale weupe wa Ziwa Nakuru. Hapana. Huyo ni mwari mgongo-pinki, spishi nyingine kabisa, na hapo alikuwa mtu mzima. Kinda la mwari mweupe huwa na rangi ya kahawia.

Subiri aruke. Mwari mweupe ana manyoya meusi ti kwenye nusu ya nyuma ya bawa, utadhani limechovywa kwenye wino. Mgongo-pinki ni kijivu-kijivu tu, na hilo pinki lenyewe (jina linadanganya) utaliona akitanua mabawa. Akiwa amekaa, tazama mfuko wa mdomo: mweupe ana wa manjano, wa mwenzake una rangi hafifu ya nyama. Kwa ukubwa mweupe anamshinda mbali. Mabawa yake yakitanuliwa yanaweza kupita mita 3.

Tabia ndiyo hunifurahisha zaidi. Weupe huvua kwa kikundi: wanajipanga nusu duara, wanawasukuma samaki, kisha vichwa vyote vinazama pamoja kama wapiga makasia. Mgongo-pinki huvua peke yake, polepole.

Na viota? Weupe hutaga chini, kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Elmenteita, halafu huruka hadi Nakuru kutafuta samaki. Mgongo-pinki hutaga juu ya miti. Pita mji wa Oyugis uone, hata karibu na nyumba za watu. Usiegeshe gari chini yake.