Waya wa VGA kwenda HDMI haukusaidii: namna ya kutoa picha ya kompyuta ya zamani kwenye TV

Msomaji mmoja ameandika wiki hii. Laptop yake ya zamani ina tundu la VGA, TV ina HDMI, naye akanunua waya wenye VGA upande huu na HDMI upande ule. Amechomeka, TV inasema haipokei kitu. Anauliza kama kompyuta imekufa.

Haijafa. Waya wenyewe ndio usiofaa, na inauma kuona bado unauzwa. VGA, iliyoingia na kompyuta za IBM mwaka 1987, ni analojia: rangi nyekundu inapita pini ya 1, kijani ya 2, bluu ya 3, kila moja kwa volti inayopanda na kushuka. HDMI ni dijitali. Nyaya tupu za shaba haziwezi kugeuza volti kuwa tarakimu. Kazi hiyo inataka chipu, na chipu inataka umeme.

Kabla hujatoa hela yoyote, chungulia nyuma ya TV. TV bapa nyingi za miaka iliyopita zina tundu la VGA, mara nyingi limeandikwa PC: matundu 15 kwa safu tatu. Likiwepo, unahitaji waya wa VGA wenye pini pande zote mbili, pamoja na waya mwembamba wa sauti wa milimita 3.5, kwa sababu VGA haibebi sauti kabisa. Waya huo wa sauti utoke tundu la hedifoni la kompyuta, uingie tundu la kuingizia sauti la TV lililo jirani na VGA. La hedifoni la TV liache, hilo hutoa sauti, halipokei. Na ukiona pini ya 9 haipo kwenye plagi, usihangaike, plagi nyingi hutengenezwa bila hiyo.

Kama TV ina HDMI tu, nunua konveta yenye chipu. Angalia mambo matatu: iwe ya kutoa VGA kwenda HDMI (ya kinyume chake inafanana nayo sana, ila haitafanya kazi), iwe na waya wa USB wa kupokea umeme, na iwe na tundu la sauti la milimita 3.5. Zima TV na kompyuta. Kaza VGA kwa skrubu zake, chomeka USB, chomeka sauti kutoka tundu la hedifoni la kompyuta, halafu HDMI. Washa TV, chagua HDMI uliyotumia, ndipo uwashe kompyuta. Picha ikiwa inakatikakatika, mara nyingi tundu la USB la kompyuta ni dhaifu, kwa hiyo hamishia USB ya konveta kwenye chaja ya simu ya volti 5.

Wenye DVI, tundu jingine la picha, kwenye kompyuta ya mezani wana nafuu. DVI-D, yaani DVI ya dijitali, na HDMI zinatumia mfumo mmoja wa picha, hivyo waya wa kawaida wa DVI kwenda HDMI unatosha, bila chipu. Sauti mara nyingi haitapita humo. Weka spika kwenye kompyuta.

TV ya mgongo yenye matundu ya njano, nyekundu na nyeupe peke yake inataka konveta ya VGA kwenda AV, nayo iwe na chipu. Filamu utaona vizuri. Kusoma maandishi sahau: picha hiyo ina mistari 480 au 576 tu, herufi ndogo zinavimba na kuungana, “rn” inasomeka kama “m”. Usiinunue kwa kazi za ofisi.

Ukishaunganisha laptop, bonyeza Fn pamoja na kitufe chenye mchoro wa skrini ili picha iende kwenye TV. Kwenye Windows 7 na zilizofuata, bonyeza kitufe cha Windows na P.

Hapa ndipo wengi hukwama. TV ikisema haiwezi kuonyesha picha hiyo, kompyuta inatuma picha kwa kasi kubwa mno. Kasi hiyo hupimwa kwa Hz, yaani mara ngapi picha inachorwa upya kwa sekunde. Kompyuta zilizokuwa na monita za mgongo huachwa kwenye 75 au 85 Hz, na TV nyingi zinataka 60. Rudisha kompyuta kwenye monita yake, weka 1024 × 768 kwa 60 Hz, kisha uhamie TV. Ikikubali, panda taratibu hadi 1280 × 720 au 1360 × 768. Ukichagua vibaya na kioo kikawa cheusi, usiguse kitu. Baada ya sekunde 15 Windows inarudi ilipokuwa.

Kingo zikikatwa, usianze kuchokoa kompyuta. Ingia menyu ya TV, sehemu ya ukubwa wa picha, uchague ile isiyovuta wala kukuza.

Rangi nazo zinasema ugonjwa uko wapi. Picha nzima ikiwa ya zambarau, kijani haipiti: chunguza pini ya 2. Ikiwa ya njano, bluu imekatika, pini ya 3. Ikiwa ya bluu-kijani, ni nyekundu, pini ya 1. Mara nyingi pini imepinda kwa kuchomekwa kwa nguvu. Inyooshe polepole kwa ncha ya kibanio, maana ikipindwa mara mbili tatu inavunjika.

Mwisho ni ule mvumo wa “mmmm” kwenye spika. Chomoa chaja ya laptop ukisikiliza. Mvumo ukikatika, umeme wa ardhini unazunguka kati ya chaja na TV kupitia waya wa sauti. Tumia betri, au tafuta kifaa cha kutenganisha waya wa sauti. Wapo wanaokata pini ya ethi (ya ardhi) kwenye plagi ili mvumo uishe. Usifanye hivyo hata siku moja: chaja ikipata hitilafu, bodi ya chuma ya kompyuta inaweza kubeba umeme wa ukutani, na mikono yako iko juu yake.