Usiwachague makomandoo wako kwa alama pekee

Ndugu, umeuliza kama katika hadithi yako ya vita vya anga za juu inaingia akilini makomandoo kuchaguliwa kwa kipimo cha akili peke yake. Kwangu mimi, hapana. Kipimo kiwe mlango wa kwanza tu. Jeshi la Marekani lilianza kuwapima askari wake akili kwa wingi mwaka 1917. Lakini OSS, idara ya kijasusi ya nchi hiyo, ilipotafuta watu wake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliongeza jambo gumu zaidi. Mtahiniwa alipewa dakika 10 asimamie ujenzi wa fremu ya mbao akiwa na wasaidizi wawili, asijue kwamba wameagizwa wamkwamishe: mmoja mzembe, mwingine mwingi wa dharau. Wapimaji walitaka kuona anavyofikiri hasira ikimpanda.

Andika tukio la namna hiyo, nakusihi. Yule kinara wa mitihani abomoke hapo, na wa alama za wastani aendelee kuwaza kwa utulivu. Kisha amua jeshi lako linamtaka nani: anayetii upesi, au anayethubutu kukataa amri ya kipumbavu akiwa mbali, ambako ujumbe wa makao makuu huchukua miezi kufika.