Madoa meupe: adui yuko sakafuni mwa tangi

Wewe unayeanza kazi kwenye matangi ya samaki wa mapambo, ukimwona samaki aina ya kangaja ana vidoa vyeupe kama amenyunyiziwa chumvi, jua umeshachelewa. Mimi nilichelewa zaidi. Mwaka wangu wa kwanza hapa Mtwapa nilitia dawa, siku ya nne vidoa vikapotea, nikaandika daftarini "wamepona". Haikupita wiki mbili, tangi zima lilikuwa linahema. Niliwatoa kangaja kumi na mmoja kwa mkono wangu, na bado nawakumbuka.

Vidoa hivyo huletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Hukaa chini ya ngozi ya samaki siku 3 hadi 7, kinakula. Kikishiba kinatoka chenyewe, kinashuka chini na kujifungia ndani ya ganda gumu. Humo hujigawa, na ganda moja linaweza kutoa watoto 200 au zaidi, ambao hutoka gizani kuelekea alfajiri. Ndiyo maana vidoa vyangu "vilipona". Dawa ya shaba huua watoto wanaoogelea tu. Aliye gandani au chini ya ngozi haimpati. Tena usiitie shaba penye kamba au matumbawe, utawaua.

Kwa hiyo hama. Kila baada ya siku 3 wahamishie samaki kwenye tangi safi lililokaushwa kabisa kabla ya kutiwa maji, mara 4 mfululizo. Watoto wakitoka gandani hawamkuti mtu, na wasipopata samaki ndani ya siku moja au mbili wanakufa. Tangi la zamani lianike juani pamoja na ndoo, mpira wa kunyonyea maji na kimia. Tone moja kwenye kimia linatosha kukurudisha mwanzo.

Usingoje vidoa pia. Samaki anaweza kuwa msafi mwilini huku matamvua yamejaa vimelea. Njoo asubuhi kabla ya taa kuwashwa, usimame kimya, umtazame anavyopumua. Anayehema mbio huku amejibanza penye maji ya pampu, mtoe huyo. Kata kipande kidogo cha tamvua, kiweke kwenye hadubini: ukiona duara lenye vinyweleo linazunguka polepole, ndiye. Likiwa limeganda tu bila kuzunguka, usikimbilie kusema ni huyu. Niite tuangalie pamoja.