Kwa anayeanza kazi ya mwendelezo wa shughuli: chunguza mbadala wako unategemea nini

Ukikabidhiwa kwa mara ya kwanza mpango wa mwendelezo wa shughuli na urejeshaji wa huduma baada ya majanga, huenda utapewa faili nene lenye orodha ya kila balaa, kuanzia moto hadi tetemeko la ardhi. Lisome, lakini usianzie hapo. Waulize kwanza wakuu wa vitengo ni huduma ipi ikisimama itaumiza watu mapema zaidi, na inaweza kusimama kwa muda gani kabla hasara haijawa ya kutofidika. Ama swali la data iliyoingizwa ndani ya muda wa saa ngapi mnaweza kuvumilia kuipoteza, wapelekee wahasibu na watu wa kaunta pia, kwa sababu wao ndio watakaoingiza upya miamala hiyo kwa mkono.

Kazi yenyewe huanza baada ya hapo, nayo ni kuchunguza kila mbadala, yaani njia ya akiba ya kutumika ile ya kawaida ikikwama, ili kujua unategemea nini. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu baada ya mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, kupata hitilafu siku moja upande wa Afrika Kusini. Taasisi yenye mikataba na watoa huduma wawili huamini kwamba ina njia mbili, lakini ikiwa mmoja hupitia EASSy na mwenzake Seacom, siku kama ile mikataba yote miwili haiisaidii. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila mtoa huduma aeleze kwa maandishi data zenu hupita mkongo gani na zitageuziwa wapi mkongo huo ukikatika. Jibu la "tuna njia nyingi" lisipokelewe.

Nakala rudufu, yaani nakala za akiba za data, nazo zichunguzwe vivyo hivyo. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza data pamoja na nakala zake, kwa kuwa zote zilihifadhiwa mahali pale pale. Kinyume chake, programu haribifu ya NotPetya ilipoivamia kampuni ya meli ya Maersk mwezi Juni 2017, seva za kuhakiki utambulisho wa watumiaji ziliharibiwa kote duniani isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo kukatika kwa umeme kulikuwa kumeitenga na mtandao kabla ya shambulio. Kilichowafikia kwa bahati, wewe kipange kwa makusudi: angalau nakala moja iwe nje ya jengo, isiyounganishwa na mtandao, wala isifikiwe kwa nywila za msimamizi wa mifumo.

Kuhusu umeme, Wazanzibari wana la kutufundisha. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa takribani miezi mitatu bila umeme kutoka bara, na kwa muda mrefu kiasi hicho jenereta huwa suala la mafuta, vipuri na fundi wa kuihudumia. Uliza mafuta yatatoka kituo gani, na kama pampu za kituo hicho zina umeme wake.

Mpango usiojaribiwa mimi siuhesabu kuwa mpango. Chukua nakala rudufu, irejeshe kwenye mashine nyingine, kisha mwite mhasibu afungue hesabu za mwezi uliopita na kuthibitisha kwamba ndizo. Zoezi hilo lifanyike siku ambayo mkuu wa TEHAMA hayupo, kwa kuwa mengi tunayoyaita taratibu yamo kichwani mwake tu. Namba za simu za wahusika zichapishwe kwenye karatasi, maana barua pepe inaweza kuwa ndiyo iliyozimika. Kabla hujaandika ukurasa wowote mpya, uliza mara ya mwisho nakala ilirejeshwa lini, na asipopatikana anayekumbuka, lifanye zoezi hilo wiki hii.