Namba ya simu si mtu

Hifadhidata yangu ya kwanza niliitengenezea chama kimoja cha akiba cha Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Jedwali la wanachama lilihitaji ufunguo mkuu, yaani safu ambayo thamani yake haijirudii wala haikosekani, inayotofautisha kila mstari na mwenzake. Nikachukua namba ya simu. Nani hana simu siku hizi?

Wiki ya pili akaja mama mmoja na binti yake, simu yao ni moja. Mashini ikamkataa binti. Mweka hazina, kwa kutaka kazi iende, akamwandikia namba ya jirani.

Hilo lilikuwa dogo. Muuza sambaza (wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu) mmoja akapoteza laini, akanunua nyingine. Namba yake ilikuwa imesambaa kote: kwenye michango, mikopo, faini za kuchelewa. Nikabadilisha jedwali moja baada ya jingine, nikasahau la faini. (Funguo za kigeni, yaani masharti yanayofunga safu ya jedwali moja na ufunguo wa jingine, sikuwa nimeziweka, zingenikatalia papo hapo.) Baadaye ile laini ikauzwa tena, na mnunuzi wake, kijana wa Bagira, akaja kujiandikisha kwetu. "Mwanangu," mweka hazina akaniita, "mashini yako inamdai huyu mtoto faini za mama wa sambaza."

Rafiki akanishauri nitumie kadi ya mpiga kura, kwa kuwa huku ndiyo tunayoonyesha kama kitambulisho. Lakini tulipiga kura 2006, 2011, 2018 na 2023, na kadi zilikuwa zikitolewa upya. Na aliyeipoteza je?

Nilichofanya mwishowe: ufunguo ni namba inayotolewa na hifadhidata yenyewe, isiyomaanisha chochote nje yake. Kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, ni AUTO_INCREMENT. Nilitumia BIGINT, aina ya safu inayobeba namba kubwa zaidi, ingawa INT ya kawaida hufika 2,147,483,647 na chama chetu hakitafika huko hata tukiandikisha Kivu nzima. Simu ikawa safu ya kawaida, ruhusa kubadilika, ruhusa kufanana.

Angalia lakini: namba hiyo haizuii mtu yule yule kuandikwa mara mbili, mara ya kwanza 12, mara ya pili 57. Limenipata. Kwa hiyo namba ya kitabu cha akiba, ambayo chama chenyewe huigawa, niliiwekea sharti la kutojirudia.

Kama una tawi Uvira linaloandikisha watu bila intaneti, kila upande utaanza na 1, na siku ya kuunganisha utalia. Hapo tumia UUID, namba ya biti 128 ambayo kila mashini hujitengenezea bila kuuliza nyingine. Chagua toleo la 7, lililoingia kwenye kiwango rasmi mwaka 2024: huanza na wakati, hivyo mistari mipya hufuatana. Toleo la 4 ni la bahati nasibu tupu, na jedwali likikua hupunguza kasi ya kuandika.

Mama wa sambaza ni namba 41. Laini amebadilisha mara tatu tangu wakati ule, na sijagusa jedwali la faini.