Barua kwa Mwanangu: Fani ya Pili

Namanga

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na mama yako. Unauliza kama uchukue Uchumi na Biashara iwe fani yako ya pili pembeni ya Uhusiano wa Kimataifa, au kwa kufanya hivyo utaiacha njia ya diplomasia uliyoipenda tangu sekondari. Rafiki yako anakushauri Kifaransa.

Chukua uchumi. Sitaki ukubali kwa kuwa baba kasema, kwa hiyo nisikilize.

Mwaka 2012, Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki likiwa na miaka miwili tu, mteja wangu mmoja alivusha lori la sabuni kwenda Nairobi. Sabuni ya Tanzania, na ndani ya jumuiya ushuru wake ni sifuri. Lakini mafuta ya mawese yaliyotumika yalitoka Asia. Kanuni za uasili wa bidhaa, yaani za kuthibitisha bidhaa imetengenezwa wapi, wakati ule zilitaka tuoneshe kwamba malighafi ya nje haizidi asilimia 60 ya gharama ya malighafi yote, au kwamba thamani iliyoongezwa kiwandani inafika asilimia 35. Mimi wakala wa forodha nilijua kujaza fomu. Hesabu ile sikuijua, na kiwandani hawakuwa wameiandaa. Mzigo ukahesabiwa wa nje, ukatozwa asilimia 25. Mtaji wa yule mama, mteja wangu, uliishia pale mpakani. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Sasa fikiria, mwanangu: asilimia zile zilipangwa mezani, na watu wenye kazi unayoisomea wewe. Anayekaa kwenye kiti kile asipojua gharama za kiwanda kidogo cha sabuni zinavyokwenda, atamtetea vipi mwenye kiwanda?

Au chukua ule mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya jumuiya yetu na Umoja wa Ulaya, wa kufunguliana masoko kwa kupunguziana ushuru. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilisaini, Tanzania ikakataa, na hapa mpakani wengi walisema ni uhasama tu wa majirani. Tazama ushuru utaona jambo jingine. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, kwa hiyo bidhaa zake huingia Ulaya bila ushuru, isipokuwa silaha. Kenya haimo. Oktoba 2014, mkataba ulipochelewa, maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru Ulaya, na wakulima wa Naivasha wakaumia mpaka ulipoondolewa mwishoni mwa mwaka. Kenya ilikuwa inalinda maua yake. Sisi soko lile tulikuwa nalo tayari, na tulihofia viwanda vyetu vichanga. Mwishowe Kenya ilikwenda peke yake, na mkataba wake ukaanza kazi Julai 2024. Huoni kwamba hiyo ndiyo diplomasia yenyewe?

Kuhusu Kifaransa, rafiki yako hajakosea. Kongo imeingia jumuiya mwaka 2022, na Burundi tunayo siku zote. Ila lugha unaweza kuisoma jioni, likizoni, hata kwa kuzungumza na Wakongomani waliojaa hapo Nairobi. Takwimu na uchumi ni vigumu kuvisoma bila mwalimu wa kukusahihisha.

Najua unaogopa hisabati. Uliponiambia ulipata C kidato cha nne ulikuwa unalia, nami nilikosea kunyamaza siku ile. C inatosha kuanzia. Usirundike masomo magumu muhula mmoja: anza na misingi ya uchumi, takwimu zifuate, halafu biashara ya kimataifa. Upande wa biashara chukua uhasibu, ujue kusoma hesabu za kampuni. Masomo ya matangazo na mauzo sioni yatakusaidia nini kwa kazi unayoitaka. Kabla hujajiandikisha, muulize mshauri wako wa masomo kama fani ya pili itakuongezea muhula, maana ada ya muhula wa ziada lazima tuipange mapema.

Ukija likizo njoo na orodha ya masomo. Utakaa nami ofisini siku mbili tatu, nikuoneshe cheti cha uasili kinavyojazwa, na hesabu ya thamani inayoongezwa kiwandani, ambayo sasa naijua.

Mama anakusalimu. Dagaa wako amekwisha kuwafunga, atawatuma na basi la Ijumaa.

Baba yako