Havuti, Hanywi, Hatoki: Je, Binti Yangu Ni Mzima?

SWALI: Mimi ni mama Mtanzania ninayeishi Dallas, Texas. Binti yangu ana miaka 15. Havuti, hanywi pombe, hana makundi mabaya, na shuleni anafaulu. Lakini tangu Januari anajifungia chumbani, analala saa nane usiku, ameacha kwaya aliyoipenda, na akisemeshwa hujibu kwa hasira. Mshauri wa shule anahisi ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, na ametutaka tumpeleke kwa daktari. Ndugu wanasema hayo ni mambo ya Wazungu, nimrudishe Tanga anyooke. Mmoja amenitumia namba ya muuzaji wa matone ya kutuliza akili za vijana. Nifanye nini?

JIBU: Mama, mpeleke kwa daktari wa watoto wiki hii, na matone hayo usiyanunue.

Karibu kila mzazi anayeniuliza jambo kama hili hutanguliza maneno hayohayo, kwamba mtoto havuti wala hanywi, kana kwamba hayo ni cheti cha afya. Tumezoea kuipima afya ya kijana kwa maovu asiyoyatenda, na kipimo hicho kinatupotosha. Taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia udhibiti wa magonjwa, CDC, imekuwa ikiwahoji wanafunzi wa sekondari kila baada ya miaka miwili tangu mwaka 1991. Mwaka huo, nusu yao walikuwa wamekunywa pombe ndani ya siku 30 zilizotangulia. Kufikia 2021 walikuwa asilimia 23. Wavutaji wa sigara za kawaida walishuka kutoka asilimia 36 mwaka 1997 hadi asilimia 6 mwaka 2019, ingawa mwaka huohuo thuluthi moja ya wanafunzi walikuwa wakivuta zile za kielektroniki, ambazo hazinuki tumbaku na wazazi wengi hawazitambui hata wakiziona mezani.

Katika kipindi hichohicho huzuni ilipanda. Wanafunzi huulizwa kama, ndani ya mwaka uliopita, waliwahi kuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi mfululizo, hata wakaacha baadhi ya shughuli zao za kawaida. Mwaka 2011 waliokubali walikuwa asilimia 28. Mwaka 2021 walikuwa 42, na kwa wasichana peke yao 57. Mwaka 2023 kiwango cha wasichana kilishuka kidogo tu, hadi asilimia 53. Kwa hiyo kijana asiyekunywa, asiyevuta na asiyetoka nyumbani anaweza kuwa mgonjwa sana, na kule kutotoka kwake, unakokuona kama utulivu, kukawa ndiyo dalili yenyewe. Kwaya aliyoiacha inanitia wasiwasi kuliko alama zake zinavyonipa faraja. Hata hasira usiichukulie kuwa utovu wa adabu, kwa kuwa kwa vijana sonona mara nyingi hujitokeza kwa ukali badala ya machozi.

Kijana wa umri wake anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku. Simu ilale nje ya chumba chake, lakini usidhani kwamba kumnyang'anya ni tiba. Kaa naye faraghani umuulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru au kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Akikiri, usimwache peke yake, piga 988, namba ya Marekani ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, saa yoyote, na dawa zote za nyumbani, hata za maumivu, zifungiwe.

Kumrudisha Tanga ili anyooke ni kumtenga na shule, marafiki na daktari wakati anapowahitaji zaidi. Kumwombea ni haki yako na sina neno juu yake. Nisilolivumilia ni biashara inayojengwa juu ya hofu ya wazazi: matone yasiyotaja kilichomo, mafuta yanayouzwa kwa bei ya kodi ya nyumba, na watu wanaotoa tiba kwa simu bila kumwona mgonjwa. Sonona ina tiba inayojulikana. Kwanza ni tiba ya mazungumzo na mtaalamu, na inapohitajika huongezwa dawa kama fluoxetine, iliyoidhinishwa Marekani kwa wenye sonona kuanzia miaka 8, ambayo mtumiaji wake lazima afuatiliwe kwa karibu katika wiki za mwanzo kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Ufuatiliaji huo muuza matone hawezi kuufanya. Baadhi ya wauzaji hao huwaagiza wazazi wasitishe vidonge vya hospitali ghafla ili "dawa ya asili ifanye kazi", na matokeo yake ugonjwa hurudi huku familia ikiamini kwamba hospitali ndiyo iliyoshindwa. Mzazi yeyote aliyepewa agizo kama hilo ampigie kwanza daktari aliyeandika vidonge hivyo, kabla mtoto hajaruka hata dozi moja.